Majaribio Kumi na Matano ya Kengele

Alhamisi, 11 Julai 2024

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yale yanayonifanya nitamani kujifunika mwavuli uso mzima. Mwalimu wetu wa lugha anasema shajara isiyo na aibu ni ratiba tu. Basi naanza na aibu.

Leo kengele yangu imeirudisha shule nzima nyumbani baada ya dakika arobaini.

Ilikuwa hivi. Shule yetu hapa mjini Wai huanza saa tano asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Jumamosi peke yake tunaingia saa moja na nusu na kutoka saa tano na dakika arobaini. Kwa miaka thelathini kengele imepigwa na Mjomba Shinde, mhudumu wa shule ambaye sote humwita mjomba, kwa nyundo, juu ya kipande cha reli kinachoning'inia barazani. Mimi nimeandika programu ya kuliza kengele kwenye kipaza sauti kutoka kompyuta ya maabara. Kazi ya miezi mitatu! Leo ilikuwa siku ya kuionyesha. Ilipofika saa tano na dakika arobaini, Alhamisi, kipindi cha kwanza hakijaisha, ikalia kengele ndefu ya kwenda nyumbani. Wasichana mia nne wakamwagika mvuani wakishangilia. Darasa la tano walifika hadi darajani.

Mjomba Shinde aliegemea nguzo na nyundo yake mkononi. "Binti Rujuta," akasema, "miaka thelathini, sijawahi kupendwa hivi hata siku moja."

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kanitkar, hakucheka. Shule inaruhusiwa kupeleka kazi moja tu kwenye maonyesho ya sayansi ya Satara. Ama kengele yangu, ama chujio la maji la Ovi Phadnis wa darasa letu. Amenipa wiki moja. Alhamisi ijayo ikilia vibaya, anakwenda Ovi. Ovi akanipa pole kwa sauti ya mtu aliye msibani ambaye tayari anajua nani kaachiwa nyumba.

Nataka kwenda Satara kuliko kitu chochote. Huko kuna majaji ambao kazi yao ni kuuliza maswali kutwa nzima. Hebu fikiria kazi kama hiyo!

Ijumaa, 12 Julai

Nimempigia Kaka Ninad, mtoto wa mjomba wangu, anayesomea kompyuta Pune. Akauliza niliipima vipi programu kabla ya kuionyesha. Nikasema niliitazama kwa makini sana. Akasema, "Rujuta, umepika sufuria nzima ya wali bila kuonja hata punje."

Bibi, ambaye husikiliza simu za watu wote nyumbani, akadakia kuwa hayo ndiyo maneno. Wali hupimwa kwa punje moja. Unaibonyeza kwa vidole, umejua habari ya sufuria nzima. Kaka Ninad akasema Bibi angekuwa mhandisi bora kuliko mimi. Bibi amejisifu hadi chakula cha jioni.

Alivyonieleza: unachukua kipande kidogo cha programu, peke yake, unakiuliza swali ambalo jibu lake unalijua. Kikijibu sawa, unapata mstari wa kijani. Kikikosea, mwekundu. Jaribio la namna hiyo wanaprogramu huliita yuniti testi. Nikacheka. Yuniti testi ndilo jina la mitihani yetu midogo ya muhula, na ya kwanza inaanza Jumatatu tarehe 22. Kumbe hata programu hufanya mtihani!

Upo mfumo wa kuendeshea majaribio hayo. Lakini kompyuta yetu ya maabara ni kuukuu na haina intaneti, na mifumo iliyokwisha kutengenezwa haiingii humo. Kwa hiyo atanipa msimbo wenyewe, maandishi matupu kama yalivyoandikwa, nami niujenge mfumo humohumo kwenye mashine. "Nakupa unga wa mtama," alisema. "Mkate wa bhakri utachoma mwenyewe."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza: mfumo unapima programu. Je, mfumo unapimwa na nani?

Jumamosi, 13 Julai

Nimechukua flashi ya Kaka Ninad kituoni kutoka kwa kondakta wa basi la Pune, imefungwa katika kipande cha gazeti. Nikaingia nayo darasani kama mtu aliyebeba yai.

Nikamnong'oneza rafiki yangu Mukta kwamba Jumatatu nitajenga yuniti testi, na kwamba zote ninazo kwenye flashi. Mukta ana sikio zito upande wa kushoto. Nikarudia kwa sauti. Mbele yetu huketi Ovi.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani (ya Mjomba Shinde, sekunde haikupungua), wasichana tisa walikuwa wamenipa chikki, zile kashata zetu za karanga. Mmoja alinifunika mwavuli wake hadi mlangoni kwetu, yeye mwenyewe akilowa. Akaniuliza kama nimeshaiona ya hesabu. Nikamjibu kuwa hesabu zimo nyingi, wala si ngumu. Akanibebea na mkoba.

Sikujua kuwa watu wanapenda programu kiasi hiki. Inatia moyo sana.

Jumatatu, 15 Julai

Ujenzi umeanza! Nilipewa muda wa chakula na Mwalimu Salunkhe, mwalimu wa kompyuta. Yeye huiwasha mashine kila asubuhi na kuiwekea saa kwa kutazama saa yake ya mkononi, maana ikizimwa husahau kila kitu.

Ndani ya flashi mna faili mia mbili na kumi na mbili. Moja linaitwa Nisome. Nikalisoma lote, na tanbihi zake. Linataka ufungue folda mpya tupu ya ujenzi, ili vipande vilivyojengwa visichanganyike na maandishi ya asili. Nikaona ni busara. Bibi naye hachambulii mchele ndani ya gunia.

Nikatoa amri ya kwanza. Mashine ikakagua ina nini na haina nini, kama mpishi anayefungua makopo. Nikatoa amri ya pili, ujenzi wenyewe. Hapo ikaanza kulalamika. Kwa kila faili ikaandika: faili hili limeandikwa wakati ujao.

Wakati ujao! Nilisoma mara tatu. Kaka Ninad ananitumia vitu kutoka kesho? Nikamuuliza Mwalimu Salunkhe kama kitu kinaweza kuandikwa kabla ya wakati wake kufika. Akasema nisimletee falsafa wakati anakula.

Asilimia ishirini. Asilimia hamsini. Asilimia sitini na tatu, radi, umeme ukakatika. Kwenye kioo cheusi nikaona uso wangu tu, mdomo wazi, na nyuma yake Ovi dirishani, akiandika kitu kwenye daftari.

Chikki leo: kumi na nne.

Jumanne, 16 Julai

Nimeitwa ofisini! Ovi ameripoti kwamba Rujuta Ghorpade ameiba mitihani na anaigawa kwa chikki.

Mwalimu Mkuu alikuwa na flashi yangu mezani, na Mwalimu Salunkhe pembeni ameshika kipaji cha uso. Wakaifungua. Folda ya kwanza iliyotokea imeandikwa Testi. Ndani yake faili arobaini na moja.

"Arobaini na moja!" Mwalimu Mkuu akasema. "Mimi mwenyewe nimetunga sita tu!"

Nikaeleza kuwa hayo ni majaribio ambayo mfumo hujipima nayo wenyewe ukishajengwa. Hakuniamini. Akafungua faili moja, akavaa miwani, akasoma kwa sauti swali la kwanza: je, moja na moja ni mbili? Akageuza uso polepole. Akauliza huu ni mtihani wa darasa gani, na nani katika shule yake analipa chikki kwa swali hilo.

Mwalimu Salunkhe akamweleza kwa dakika kumi. Mwishoni Mwalimu Mkuu akanirudishia flashi na kusema kuwa kuanzia leo, ndani ya shule hii, nikitaka kusema yuniti testi niseme "jaribio". Na kwamba Alhamisi iko palepale.

Nje walikuwa wananingoja. Habari imefika kabla yangu. Yule wa mwavuli alisema, "Haya mwenzetu, chikki zetu." Nikamwambia nimekwisha kuzila. Akasema basi nimchukulie mkoba wake wiki nzima. Ni mzito mno. Anaweka nini humo?

Lakini swali langu la Ijumaa limejibiwa: mfumo hujipima wenyewe! Kama mwenye mizani anayejiweka juu ya mizani yake. Je, akisema uwongo?

Jumatano, 17 Julai

Sikukuu ya Ekadashi, siku ya mfungo, na shule imefungwa. Nyumba nzima imefunga, yaani tumekula mara mbili ya siku nyingine: sabudana, yaani punje za wanga wa muhogo, kwa karanga, viazi vitamu, ndizi. Mchana nikamwendea Mjomba Shinde, ambaye ndiye mwenye funguo za shule. Nilijua atakataa. Kengele yangu ikifaulu, nyundo yake itafanya nini? Nikamwandalia hotuba.

Hakungoja hotuba. Alichukua funguo, akasema bega lake la kulia linamuuma tangu mvua za juzi, na kama kuna chuma kitakachomsaidia kupiga chuma, anakitaka leo kuliko kesho. Akaketi mlangoni mwa maabara na kumenya ndizi. Nimemwonea haya. Kwa wiki nzima nilimweka katika orodha ya maadui, namba mbili.

Nikaiwasha mashine. Saa yake ilisema ni usiku wa manane. Sikuijali, sikuja kwa ajili ya saa. Malalamiko ya wakati ujao yakaanza tena, na leo nilikuwa na hila. Ipo amri inayopaka faili tarehe mpya. Nikayapaka yote tarehe ya kompyuta yenyewe, mosi Januari 2011. Kimya! Nafurahi kwamba nilipata suluhisho hilo bila kumsumbua mtu.

Asilimia sitini na tatu. Nikashika meza. Sitini na nne! Mia! Umejengwa! Arobaini na moja ya mfumo wenyewe, kijani yote. Mjomba Shinde akapiga makofi, ganda la ndizi mkononi.

Kisha majaribio yangu mwenyewe, kumi na manne. Nikiambiwa ni Alhamisi, kengele ya mwisho ni saa ngapi? Nikiambiwa ni Jumamosi? Kumi na mawili kijani, mawili mekundu. Na mekundu yalikuwa kweli! Siku ya Jumatano programu yangu ilikuwa inamaliza mapumziko kabla hayajaanza. Sijawahi kufurahia kosa kama hilo. Nilirekebisha yote mawili. Kumi na manne kijani.

Kesho siwezi kushindwa. Nimepima kila punje.

Alhamisi, 18 Julai

Saa tano na dakika arobaini ikalia kengele ndefu ya kwenda nyumbani.

Sina la kuongeza kuhusu dakika zilizofuata, ila kwamba darasa la tano safari hii walivuka daraja.

Maabara ilijaa. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Salunkhe, Ovi na chujio lake tayari mkononi. Nikaonyesha mistari ya kijani, mmoja mmoja. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mbu. Mwalimu Mkuu akauliza: ikiwa majibu yote ni sawa, kwa nini watoto wangu wako sokoni?

Mjomba Shinde aliingia kukausha kichwa. Akainama, akatazama pembe ya kioo cha kompyuta, akasema, "Binti, mbona mashine yako inasema leo ni Jumamosi?"

Tarehe mosi Januari 2011. Jumamosi. Betri ndogo ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo kila inapowashwa mashine hiyo huamkia siku hiyohiyo. Mwalimu Salunkhe huiwekea saa, tarehe haijapata kuguswa na mtu. Kwa kompyuta yetu maisha yote ni Jumamosi. Programu yangu iliuliza leo ni siku gani, ikajibiwa, ikatii.

Ovi akasema kanuni ni kanuni, imelia vibaya. Ni kweli, na nilikuwa nimeshaanza kulia mimi pia. Lakini Mjomba Shinde akamkumbusha Mwalimu Mkuu kwamba katika mwaka wake wa kwanza kazini yeye Shinde alipiga kengele ya kwenda nyumbani saa nane, na aliyekuwa wa kwanza kufika getini alikuwa mwanafunzi mmoja aitwaye Kanitkar. Mwalimu Mkuu akakohoa.

Basi hukumu: Jumamosi saa mbili asubuhi atakuja mwenyewe maabara, dakika chache kabla ya kutuma barua Satara. Kengele ilie sawasawa, na majaribio yote yawe kijani. Jekundu moja tu, anakwenda Ovi.

Mwalimu Salunkhe ametia betri mpya na kuweka tarehe. Jioni saa kumi na moja kengele yangu ililia kwa wakati! Mjomba Shinde alisimama chini ya reli yake, mikono mfukoni, akitabasamu.

Nimejifunza jambo kubwa: lazima kuipima hata saa ya mashine. Kabla ya kuondoka nimeandika jaribio la kumi na tano. Linaiuliza kompyuta: leo ni siku gani? Jibu sahihi: Alhamisi. Kijani! Yote kumi na matano.

Ijumaa, 19 Julai

Sielewi kabisa.

Kengele imelia vizuri tangu asubuhi, kila kipindi. Lakini nilipoendesha majaribio, kumi na manne kijani na la kumi na tano jekundu! Hakuna aliyeligusa. Mlango ulifungwa, funguo alilala nazo Mjomba Shinde. Jana lilikuwa zima kabisa.

Sikufadhaika. Msichana wa wiki iliyopita angefadhaika. Nilisoma ujumbe wa kosa kwa utulivu: unasema ilitarajiwa Alhamisi, ikaja Ijumaa. Basi nikalibadilisha jaribio, jibu sahihi liwe Ijumaa. Kijani papo hapo! Yote kumi na matano, na nimefunga maabara ili pasiguswe kitu chochote hadi Mwalimu Mkuu aje kesho Jumamosi saa mbili.

Bibi ameshanipigia pasi sare ya Satara. Nimemtumia Kaka Ninad ujumbe kwa simu ya Mama, na ninaunakili hapa neno kwa neno:

Kaka, mfumo umesimama na tumekaribia kushinda. Ila kitu kimoja kinanisumbua nisilale. Jaribio lililokuwa zima jioni linawezaje kuharibika lenyewe usiku kucha, ndani ya chumba kilichofungwa, bila mkono wa mtu? Je, ni unyevu wa mvua? Tafadhali nijibu kabla ya kesho saa mbili.