Mbuvi, Muuza Matusi ya Kale

Mbuvi alipotimuliwa kazi ya jikoni kwa mzungu mmoja wa kahawa kule Ruiru, aliondoka na kitabu kichakavu kilichokuwa kikizuia dirisha lisijifunge. Ndani, washairi wawili Waingereza wa zama za kale walitukanana kwa vina: ukurasa wa kushoto mmoja anamwita mwenzake mwizi wa mashairi, wa kulia mwenzake anajibu kwamba ya kwake hayafai hata kufungia samaki. Mtu mwingine angewashia jiko. Mbuvi aliona harusi.

Alimpenda Nduku wa mtaa wa Landless, Thika, akampenda hata chakula kikamshinda, na baba yake Nduku alishasema hataki mkwe wa kuja kwa miguu.

Sasa, mwalimu Kaleli wa Ruiru na karani Waweru wa Thika, watu wazima wenye tai zao, walikuwa hawasalimiani kwa sababu kila mmoja alijiona ndiye mshairi wa Kiingereza. Mbuvi alianza na Waweru.

"Kaleli anasema mashairi yako yananuka ofisi."

"Ati nini?"

"Mimi ningenyamaza, bwana. Lakini niko na maneno hapa ya kumlaza kitandani. Si ya kuuzia kila mtu."

Akamnakilia kurasa za kushoto, akaondoka na gramafoni yake kama malipo. Za kulia alimpelekea Kaleli, akarudi kwa baiskeli ya mwalimu. Ili bidhaa isilale, akawashauri wote wawili wapambane ukumbini Thika, kwa sheria ya wale wazee wa gicandi wanaoshindana kuimba sokoni: anayeshindwa kujibu huacha kibuyu chake. "Nyinyi hamna vibuyu," alisema kwa upole, "basi mtu aache alichokuja nacho."

Jumapili, baada ya kanisa, ukumbi ulijaa. Mbuvi alifika na baiskeli, gramafoni imefungwa nyuma, akaegesha mlangoni pale ambapo baba yake Nduku hangeweza kukosa kuiona. Hapo ndipo werevu ulipomwishia, maskini.

Waweru alitukana, Kaleli akajibu, matusi yakapokezana vizuri kama kwaya iliyofanya mazoezi. Hiyo ilimtia Kaleli wasiwasi. Akatupa jicho mlangoni, akaona baiskeli yake imebeba gramafoni ya adui yake. Akamnong'oneza Waweru sikioni.

"Mabibi na mabwana," Waweru akasema, "fundi wa mashairi haya yote ni Bwana Mbuvi. Apande tumpigie makofi."

Nduku aligeuka kumtazama. Nani angebaki kitini? Mbuvi alipanda.

"Umepanda," Kaleli akamwambia. "Sheria ni yako. Sasa utujibu, bila karatasi."

Wakamtupia ubeti mmoja mkali. Mbuvi akafungua mdomo, akaufunga. Nduku alicheka hadi akamshika mama yake bega, na kicheko hicho kilimuuma Mbuvi kuliko yote. Kaleli alichukua baiskeli, Waweru gramafoni, wakaondoka wakizungumza.

Mbuvi alirudi Ruiru kwa miguu. Alipopita Witeithie, hasira zikimchemka, ulimjia ubeti kuhusu mwalimu, karani na tai zao, kwa Kikamba, wake mwenyewe. Akaurudia kwa sauti. Ulikuwa mkali kuliko beti zote za kitabuni.

Akatazama mbele, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu wa kumuuzia.