Joker Niliyomrushia Baba Mkwe

Leo nimejivua nguo, wasee. Mchana peupe, hapa Kapsoya, mbele ya babake mpenzi wangu Wanjiru. (Suruali nilikuwa nayo. Kilichonitoka ni heshima.)

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Chebet, kwa sababu ameshaanza kuieneza na mkono wake wa chumvi ni mzito.

Mnajua mwezi ujao wazee wangu walikuwa waende Burnt Forest, kwa kina Wanjiru, kubisha hodi ya posa. Kilichobaki ni mzee wao kutaja siku. Huyo mzee ni mkulima wa viazi, haongei sana, na alikuwa amesema hataji siku yoyote kabla ya kuniona. Kusikia kuna mashindano ya poka kwa kibanda cha chai hapa estate, akasema basi tuonane huko. Anapenda karata sana. Mimi pia. Nikaona mlango umefunguka wenyewe.

Tulipiga kura ya meza. Tukaangukia meza moja! Mimi, halafu mzee kushoto kwangu, halafu Mama Chebet wa mitumba, halafu Kiprop wa boda. Wanjiru akavuta kiti nyuma ya babake. Raundi ya kwanza kabisa, na wa kwanza kumaliza kadi ndiye anaendelea.

Poka ni hii yetu ya nyumbani. Mbili inamwokotesha jirani kadi mbili, tatu inamwokotesha tatu, Joker tano. Ukirushiwa adhabu na uko na adhabu yako, unaiweka juu, zinajumlishwa, zinaenda kwa anayefuata. Ukiwa na Ace unaizima hapo hapo, na kama hakuna adhabu, Ace inakuruhusu kuitisha aina ya kadi unayotaka. Na kabla ya kumaliza lazima utangaze: niko kadi.

Nikafungua kadi zangu nne. Joker. Ace. Saba mbili.

Wasee, sijawahi kupewa mkono kama huo tangu nizaliwe. Saba mbili unaziangusha pamoja na unaenda nyumbani. Mtu mwenye akili angekaa na hiyo Ace kama mtu anayekaa na mwavuli Eldoret mwezi wa nne. Mkono ni mzuri, lakini ni kadi nne tu, na hujui wenzako wameshika nini.

Mimi nikaanza na Ace. Sikuwa na haja nayo, saba yangu moja ilikuwa inaingia vizuri tu. Nilitaka Wanjiru aone mpenzi wake anavyoagiza kadi. Nikaitisha maua. Mzee akaweka maua, Mama Chebet akaweka maua, Kiprop akaokota. Zamu ikarudi kwangu na sijamaliza hata nusu kikombe cha chai.

Hapo ndipo kichwa kilinivimba. Nikamrushia mzee Joker. Ningenyamaza ingekuwa afadhali, lakini mdomo nao ukataka zamu yake.

"Niko kadi," nikasema. "Na mzee, okota tano polepole, usije ukachoka."

Wanjiru alifunga macho. Mzee hakuniangalia hata. Alichomoa Joker ya pili, akailaza juu ya yangu kama mtu anayefunika sufuria. Kumi. Mama Chebet akaweka tatu. Kumi na tatu. Kiprop, ambaye nimempa kazi ya kunibeba mwaka mzima, akaweka mbili na akaniambia pole.

Kumi na tano zikanifikia mimi. Ace yangu ilikuwa pale chini ya rundo, nilikuwa nimeitumia kujionyesha.

Nikaokota. Watu wa meza zingine walikuja kusaidia kuhesabu. (Hakuna aliyeitwa.) Nilipomaliza nilikuwa na kadi kumi na saba na vidole kumi, na hazikai. Mtu akasema nifungue duka.

Sasa hapa ndipo naomba msinihukumu. Sikuwa natafuta kushinda tena. Nilitaka tu ule mkono uonekane mdogo mbele ya mzee. Mama Chebet alipogeuka kuitisha mandazi, nikateremsha kadi nne, nikazikalia. Ni kitu cha sekunde mbili. Nilikijutia hata kabla sijakaa vizuri, lakini kuzitoa ilikuwa ngumu kuliko kuziweka.

Mzee alicheza taratibu, akasema niko kadi kwa sauti ya chini, zamu yake iliyofuata akamaliza. Kisha akasimama na kunipa mkono.

Mzee akisimama kukusalimia, wewe utabaki umekaa? Nilifunzwa adabu. Nikasimama. Kadi tatu zikaanguka. Ya nne ilibaki imenishika nyuma ya suruali, maana viti vya plastiki vinamtoa mtu jasho, na sikujua iko hapo mpaka Mama Chebet akaja kuibandua kwa vidole viwili, akaiinua juu, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika mkono wangu.

"Karata nimecheza miaka mingi, kijana," akasema. "Kushinda kwako hakungeniambia kitu. Nilikuja kuona ukishindwa unakuwaje."

Nikasema pole, mzee. Ilitoka ndogo hivi. Akaniachilia mkono, akaniambia niwaambie wazee wangu wasikodi gari kwanza, atatuma neno akiwa tayari. Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kuanzia. Halafu akaenda kukaa meza ya raundi ya pili, na Wanjiru akabeba kiti chake akamfuata.

Nimemngoja Wanjiru hapo nje mpaka akatoka kununua maji. Nikamuuliza mzee amesema nini.

"Amesema mkono wako wa kwanza ulikuwa mzuri," akanijibu. "Na mimi nilikuwa nimemwambia wewe ni mtu mkweli."

Ameingia ndani bila kungoja jibu. Kwa hivyo nawaomba mnicheke mimi tu, mimi nimezoea. Yeye mkikutana naye leo, msalimieni tu mpite.