Ufafanuzi Rasmi wa Likizo ya Masomo

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Ufafanuzi ya kiwanda chetu cha sabuni inautangazia umma kwamba tumekuwa wa kwanza kuitekeleza sheria mpya ya kazi, tena tumeitekeleza kabla ya kuielewa. Sheria inasema kila mjumbe wa Kamati ya Usalama na Afya Kazini apewe likizo ya masomo yenye malipo. Idara ya Ufafanuzi ni mimi. Nina meza, kiti na mhuri.

Mkurugenzi aliniita akiwa ameushika waraka kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

“Niwalipe watu wakakae darasani? Na sabuni ipikwe na nani?”

“Mheshimiwa, naomba tuyachambue maneno. Mtoto akiwa kwenye likizo ya shule, huenda shule?”

“Haendi.”

“Basi mtu akiwa kwenye likizo ya masomo?”

Aliugeuza waraka juu chini. Kisha uso ukamtakata.

“Hasomi,” alisema.

“Hasomi kitu. Na malipo yake anapata, kwa sababu yuko kazini. Kilicho likizo ni kichwa.”

Alinipandisha cheo papo hapo.

Mwenyekiti wa kamati ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mpishi wa sabuni kwenye pipa kuu. Alikuja mezani kwangu na aproni yake, mwiko mkononi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mtoto wa kaka. Sasa tuache vyeo. Koki ya pipa kuu imelegea, sakafu yote utelezi. Jana binti yangu, dada yako huyo, kateleza kutoka chini ya pipa hadi nje ya geti. Mlinzi kamwandika mtoro. Siku pipa likimwagika la moto itakuwaje? Mimi sina mtoto wa akiba. Kozi ya wizara inafundisha kuifunga ile koki. Tupeni ruhusa twende.”

“Mbona mko likizo tangu asubuhi?”

“Likizo gani, na mwiko ninao?”

Nikamsomea ufafanuzi. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani aliyemwosha huyu makalio.

“Kwa hiyo nisijifunze kitu?”

“Hata kwa bahati mbaya.”

“Haya. Nimesikia. Lakini kusikia nako si kujifunza? Basi sijasikia.”

Utekelezaji ulianza mara moja. Mabango yote ya hatari yaligeuzwa yakatazama ukuta, mjumbe asije akasoma akipita. Fundi spana, katibu wa kamati, alikamatwa akiwa amegundua kwamba kumbe chai ya ofisini ina maziwa; akaamriwa asahau. Kwa kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, wajumbe waliombwa wasiishi sana saa za kazi. Na kwa kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nakala za katazo zilipelekwa kwa mama zao wote. Anwani ya ulimwengu bado tunaitafuta.

Wajumbe walitii kwa namna inayotia shaka. Ukimwuliza fundi spana spana iko wapi, naye anakuuliza spana ni nini. Shangazi alimhamishia binti yake upande wa kufungashia, mbali na pipa. Nilipomwuliza sababu alisema hajui, yuko likizo.

Ndipo gari la wizara likaja kuwachukua wajumbe. Mkaguzi aliyeshuka alikuwa mama mmoja mpole aliyevaa mabuti ya mpira.

“Umechelewa, mama,” Mkurugenzi alimwambia, meno yote nje. “Wajumbe wangu wako kwenye likizo ya masomo siku nyingi. Njoo uone wanavyopumzika.”

Akatangulia na viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa. Alipofika chini ya pipa, kila mguu ulishika njia yake. Akadaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa koki. Bahati yake pipa lilikuwa limepoa. Povu likatoka kama wanafunzi wa bweni waliosikia kengele ya chakula. Kufumba na kufumbua lilikuwa limemfika kifuani.

“Zimeni,” alisema kwa sauti nyembamba.

“Kuzima ndio nini, mheshimiwa?” aliuliza fundi spana, kwa heshima zote.

Mkurugenzi akaikandamiza koki kwa mikono miwili. Povu likakatika. Akailegeza, likarudi. Akaikandamiza tena, akabaki hapo hapo.

“Nani anajua kuifunga hii?”

“Aliyefundishwa, baba,” alisema shangazi.

“Nani kafundishwa?”

“Hakuna. Tulikuwa likizo.”

Mkaguzi akauliza ni likizo ya namna gani hiyo. Mkurugenzi akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa.

“Nafuta ufafanuzi,” alisema Mkurugenzi. “Likizo ya masomo ni ya kwenda kusoma. Piga mhuri, waende.”

“Na malipo?” aliuliza shangazi.

“Na malipo.”

“Na binti yangu? Tulikuwa tunamtaka kwenye kamati.”

“Na binti yako. Na mlinzi, akitaka.”

Nikapiga mhuri. Mkaguzi akaamuru wafanyakazi wote watoke hadi koki itakapokuwa salama. Mkurugenzi akashusha pumzi, akamgeukia shangazi.

“Sasa, mama, njoo basi uifunge.”

Shangazi alivua aproni akamtundikia begani, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kukataa.

“Nitaifunga, baba. Kozi inaanza leo. Tukilifikia somo la koki tutarudi. Wewe shikilia hapo hapo.” Akanigeukia. “Na wewe, mtoto wa kaka, mshike kiuno. Ana tabia ya kuteleza.”

Gari likaondoka, kamati nzima wakiimba, mlinzi akiongoza.

Kwa hiyo umma unajulishwa kwamba ofisi ya Mkurugenzi imehamia chini ya pipa kuu, ambako anapokea wageni, anapokea simu nikimshikia sikioni, na analishwa kwa kijiko. Uvumi kwamba anatokwa povu, Idara ya Ufafanuzi imeuchunguza kwa karibu sana na kuthibitisha kuwa ni wa kweli. Lina harufu ya limau.