Ombi la Kurudishiwa Kelele Kwenye Simu ya Babu

Kwa Meneja wa Malalamiko,
Kampuni ya Simu.

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua mnapendelea malalamiko yaletwe kwa simu. Mimi nimeandika, na sababu utaiona mwenyewe. Nina miaka kumi na sita, naishi na babu, ambaye laini ni yake. Hajui kwamba naandika.

Jumatatu fundi wenu alikuja kwetu na ngazi ambayo hakuitumia. Babu alikuwa amelalamika kwamba tangu tuingiziwe intaneti, simu ya sebuleni inavuma kama nyuki ndani ya chupa, na akiinua simu tu, intaneti inakatika. Fundi akacheka. "Mzee, vyote viwili vinapita kwenye waya mmoja. Kila simu lazima iwe na filta yake, la sivyo vinapigiana kelele." Akachomeka kidude cheupe, kidogo kuliko kiberiti, kati ya simu na ukuta. Babu akasikiliza. Kimya. Akasema, "Ala." Dakika nne, kazi imekwisha.

Mheshimiwa, naomba kidude hicho kiondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Kelele ile ilikuwa msaada kwa sisi wenye haya. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na ninanyamaza vizuri kwa zote. Shangazi akipiga kuniuliza nimekuwa wa ngapi darasani, nilikuwa nasema, "Shangazi, sikusikii," naye ananihurumia mimi na kuwalaumu nyinyi. Sasa anasikia hata nikimeza mate.

2. Mlimwuliza babu peke yake, mtu ambaye hana la kuficha, na hata angekuwa nalo angelisema.

3. Intaneti haikatiki tena. Zamani kazi yangu ya hesabu ilikuwa haimfikii mwalimu kwa sababu yenu. Sasa inamfikia, na ameanza kuona ninavyokokotoa.

4. Hii ndiyo yenyewe. Zile tatu nilikuwa navuta muda. Mama ni nesi, anafanya kazi mbali, na hupiga kila Jumamosi saa kumi jioni. Mkataba wake unaisha mwezi huu. Ameniuliza Jumamosi tatu mfululizo, "Mwanangu, nitie sahihi mwaka mwingine, au nirudi?" Mara zote tatu nimemjibu, "Haloo? Mama, laini inavuma." Ilikuwa inavuma kweli, lakini nilimsikia. Nikisema arudi, ataacha kazi anayoipenda kwa ajili yangu. Nikisema abaki, nitakuwa nimedanganya, tena kwenye laini safi. Katikati ya majibu hayo mawili palikuwa na kelele zenu, nami nilikuwa nimejikalia humo vizuri tu.

5. Ikiwa kampuni inaweza kutoa sauti safi kwa anayeitaka, haki iko wapi kumnyima chafu anayeihitaji? Naomba huduma ya kelele ya Jumamosi tu, saa kumi hadi kumi na nusu. Fundi aje saa tisa kuchomoa kidude, akirudishe baadaye. Chai tutampa.

Utasema ningeweza kukichomoa mwenyewe. Nimejaribu. Tangu Jumatatu babu amehamishia kiti chake pembeni ya simu, na kila baada ya muda anaiinua kusikiliza jinsi isivyovuma.

Nisalimie fundi, pia wale wanaopokea simu za watu huko kwenu kutwa nzima. Sijui wanawezaje.

Wako anayesikika kupita kiasi,
Mjukuu wa mwenye laini

Tanbihi: Jumamosi imefika kabla sijapata bahasha. Mama ameuliza tena. Nimemsikia mpaka anavyovuta pumzi. Nikasema, "Rudi." Akasema, "Haloo?" na safari hii nilijua si laini. Hapohapo taa ya modemu ikazimika, nikaelewa kwamba babu, aliyekuwa amenipisha kwenye kiti, ameinua simu ya chumbani kwake, ile ambayo sote tulisahau kumwonyesha fundi. Akatoka na malapa yake, akasimama mlangoni. "Kule kunavuma. Umemwambia arudi, au abaki?" Ikabidi nirudie, ana kwa ana, bila waya wowote kati yetu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo msiondoe chochote. Leteni filta ya pili, ya chumbani kwa babu, kabla ya Jumamosi ijayo. Mama atapiga kutaja siku.