Mkutano Mkuu wa Tawi la Ngara, Mwanachama Mmoja

Jamani, leo nimejianika. Wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, zimenisikia, na mimi nilidhani niko peke yangu sebuleni.

Nieleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa madereva, maana wao watawaambia mabaya zaidi (na yote yatakuwa kweli).

Mnajua nilisomea ufundi wa maji Norwe, miaka miwili, chuo kidogo chenye theluji mpaka dirishani. Tangu nirudi huu ni mwaka wa sita, nahangaika na visima na pampu za kambi ya wakimbizi. Kilichobaki kati yangu na chuo ni jarida la chama cha wahitimu. Linafika mara mbili kwa mwaka, limekunjamana kama limetembea kwa miguu. Nalisoma lote. Nani kaoa, nani kapata mapacha, tawi gani limekutana wapi na wamekula nini. Nikimaliza naanza tena ukurasa wa kwanza.

Sasa toleo la juzi likaja na tangazo. Kila tawi lifanye mkutano siku ya kuanzishwa chuo, litume muhtasari na majina ya waliohudhuria, wasiopungua watano. Tawi lisilotuma linafutwa, na jarida haliji tena. Tawi la Ngara lina mwanachama mmoja. Mnamjua.

Siku yenyewe ni leo, Jumamosi. Nikasema liwalo na liwe, mkutano utafanyika. Hao wengine wanne nitajua mbele ya safari.

Saa sita mchana nikapika uji wa chuoni. Kule ni wa krimu chachu, hapa nikatumia maziwa ya mgando ya ng'ombe wa jirani, nikanyunyiza mdalasini. Nikavaa skafu ya chuo (ya sufu! jua la saa sita!). Nikatoa picha ya darasa letu niiweke mezani, angalau nione nyuso. Fremu ikagoma kusimama, mguu wake ulivunjika zamani. Nikaiegemeza kwenye redio ya upepo ya kazini.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Redio hizi tunazo sote: madereva wa malori ya mahindi, polisi wa msafara, zahanati ya kambi, na kituo kikuu anakokaa Mzee Sebastiani. Wote tuko kwenye mawimbi yale yale. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni unasema wewe tu, wengine wanabaki kusikiliza, na wewe mwenyewe humsikii mtu mpaka ukiachie. Ukimaliza unasema "ova", mwingine aingie. Fremu ikakaa juu ya kitufe. Wanafunzi wenzangu kumi na wanane wakakibonyeza kwa uzito wao wote.

(Na Jumatatu iliyopita nani aliwagombeza madereva kwa kupiga soga hewani? Mimi. "Ndugu zangu, nidhamu!" nilisema.)

Nikasimama. "Natangaza kwamba mkutano umefunguliwa." Nikakaa. Nikasimama tena kama katibu, nikasoma majina kwenye picha. Ingrid? Kimya. Solveig? Kimya. Kila jina nikalipa muda wake, ndiyo utaratibu.

Kisha wimbo wa chuo, beti tatu, kwa Kinorwe. Sauti yangu mnaijua. Kwenye kwaya ya parokia huwa naombwa nishike vitabu.

Ajenda ya nne ikawa mengineyo. Hapo uji ulikuwa umenilegeza. Nikaiambia picha kila kitu kwa Kiswahili, Kinorwe changu kimeota kutu. Nikasema nimechoka kuitwa Fundi Maji, kule niliitwa Eliza. Nikasema nakumbuka hata baridi, ile iliyonitoa machozi wiki ya kwanza. Nikasema naomba tawi liazimie nirudi kuwaona, hata kwa wiki moja.

"Na wewe Anders," nikasema, "uliniambia utakuja Ngara mvua zikiisha. Hapa mvua zimekwisha mara sita."

Nikalia. Kwa sauti. Nikapenga kamasi kwenye skafu.

Mlango ukagongwa. "Karibu!" nikaita, na ile "Karibu!" ikarudi kutoka nje, nzito, halafu ukafuata mlio mkali wa kupasua masikio. Alikuwa Lazaro, dereva wa kituo, redio yake kifuani. Hakuingia. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada, samahani sana. Mzee kanituma. Anaomba utoe kidole kwenye redio."

"Kidole gani?" Redio ya kifuani kwake nayo ikauliza, "Kidole gani?"

Mama yangu wee! Nikairukia ile picha, uji ukamwagika kwenye muhtasari.

"Tangu lini?" nikamuuliza Lazaro.

"Tangu umefungua mkutano." Akafikiri kidogo. "Malori yamesimama Nyakahura yanangoja ruhusa ya kuondoka na polisi. Mzee hawezi kuwapa, wewe unaimba."

Redio yangu ikafufuka, ikaniita kwa jina langu la hewani.

"Maji Mbili, Maji Mbili, hapa Kituo. Mkutano umefungwa? Ova."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujasema ova. Ova."

Nilitamani nitumbukie kisima namba saba. Kabla sijajibu, sauti nyingine ikaingia.

"Kituo, hapa Lori Nane, Nyakahura. Hoja ya Maji Mbili kwenda kuwaona wenzake, naiunga mkono. Ova."

"Lori Tano, Rusumo. Hata mimi. Na huyo Anders tuambiwe anakaa wapi, tumfuate. Ova."

"Lori Mbili, Kabanga. Naunga. Ule uji ni wa nini? Ova."

Wakaendelea hivyo hivyo, mmoja mmoja. Polisi wa msafara naye akaunga. Nikacheka huku kamasi zinanitoka, Lazaro kasimama mlangoni, kajifanya anatazama mgomba. Halafu ikaja sauti ya taratibu, Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi. Nilimtambua. Ni muuguzi wa zahanati ya kambi, mkimbizi, mwaka wa tisa sasa.

"Hapa Zahanati. Mimi nami nilisoma, Gitega, shule ya wauguzi. Sisi hatuna jarida. Sijui hata mmoja wao alipo. Dada, imba tena ule wimbo. Ova."

Mimi nilikuwa nalilia watu ambao najua anwani zao.

Nikangoja Mzee Sebastiani aseme nidhamu. Yule mzee hajawahi kumruhusu mtu hata kusema hodi bila sababu ya kazi.

"Maji Mbili, hapa Kituo," akasema. "Ubeti mmoja. Malori yanangoja. Ova."

Safari hii nikabonyeza kitufe kwa kidole changu mwenyewe. Nikaimba ubeti mmoja, vibaya vile vile. Mwishoni nikasema ova.

Jioni hii nimeandika upya muhtasari, ule wa kwanza umejaa uji. Kesho naupeleka misheni uondoke na barua zao. Waliohudhuria: kumi na mmoja, majina na namba za malori. Wa mwisho nimemwandika muuguzi, na shule yake Gitega nimeiandika kikamilifu, huenda mtu akasoma. Asiyehudhuria bila udhuru: Anders.

Jumatatu naingia kazini na uso huu huu, sina mwingine. Atakayenicheka anicheke, ila akimaliza aseme ova.