Wasomaji Niliowazaa Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu ana blogu! Mtaa mzima hakuna mwingine. Mama Habari wa mlango wa pili ana binti anayesoma habari redioni. Sawa, hongera zake. Lakini binti huyo anasoma yaliyoandikwa na wengine. Wangu anatoa kichwani mwake.

Na kichwa anacho. Leo kaandika kwamba kwenye filamu hakuna mtu anayemaliza chai yake. Wanamiminiwa, wanagusa kikombe, simu inalia, wanaondoka. Mimi naangalia filamu tangu usichana na sijawahi kuliona hilo! Nikacheka peke yangu jikoni. Jana aliuliza kwa nini watangazaji wa televisheni hupangapanga karatasi habari zikiisha, na karatasi zenyewe hatukuona wakizisoma. Nani mwingine anawaza hivyo? Darasa langu la saba limezaa akili hiyo.

Tatizo ni wasomaji. Hana hata mmoja. Mimi sihesabiki. Mama si msomaji, kasema mwanangu mwenyewe.

Nacheka lakini naogopa. Ukumbi wa sinema alikokuwa akiendesha mashine ulipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, mwanangu alilala. Hakuumwa. Alilala tu, uso ukutani, chakula kinaingia, chakula kinatoka. Na godoro lenyewe walimpa wao, zawadi ya kumuaga! Nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza kama anapumua. Blogu ndiyo iliyomgeuza akatazama upande wa watu. Sasa leo kaniambia, huku akiangalia sakafu, kwamba wiki ikiisha bila msomaji, anaifunga.

Mama Habari naye kaniuliza uani, mbele ya watu, kama mwanangu bado anaiandikia hewa. Nikamwambia hewa hiyo hiyo ndiyo inayobeba redio ya binti yake. Akafyata! Lakini lake lilikuwa limeshanichoma.

Nina wazo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Wazo limezaliwa. Linaitwa Dereva Mstaafu.

Fundi simu wa pale kona kanifungulia akaunti na kila kitu. Nilimdanganya ni kwa ajili ya mjomba wangu, macho hayaoni. Dereva wangu ni mzee wa heshima, kaendesha treni maisha yake yote, anapenda filamu na taarifa ya habari. Nikampa na mke: mcheshi, mwenye umbo, mpishi hodari. Sikuhangaika kumbuni.

Akaandika hivi: “Kijana, nimeisoma ya chai. Miaka yote nimeendesha treni na chai sikuwahi kuimaliza. Umeona tusiyoyaona.”

Nikajibanza koridoni. Simu ya mwanangu ikalia, ti! Kimya. Halafu miguu ikagusa sakafu. Akatoka. Akaoga. Akanyoa ndevu! Akala, akaongeza. Akaninong'oneza, kama mtu anayetoa siri ya serikali, kwamba kapata msomaji. Mimi nikaangusha mwiko kwa mshangao. Wale waigizaji anaowaandika hawaniwezi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Dereva kapata wenzake. Kuna Muuguzi wa Zamu, ana huruma. Kuna Mwanachuo, anajidai. Na kuna Bwana Hapana, mpinzani wa kila kitu, kwa sababu wasomaji wote wakisifu mtu atashtuka.

Jana jioni mwanangu aliangalia filamu ya mtu anayerudi kwao na kukuta nyumba imebomolewa. Mimi nilikuwa kwenye kochi nimefumba macho tu, yeye akadhani nimelala, akazima sauti nisiamke. Akaumalizia mwisho wote kimyakimya, nikichungulia naona machozi yanamtoka. Mtoto gani huyo mwenye adabu! Leo kaiandikia blogu. Dereva akamjibu vizuri sana: “Mwisho ule unauma zaidi ukiutazama bila sauti, kama ulivyofanya.” Nililipenda jibu hilo. Nililisoma mara kadhaa.

Halafu Bwana Hapana akaingia na kusema filamu ni mbaya na mwandishi hajui filamu. Hasira zilinipanda! Nikamvaa kwa jina la Muuguzi. Akanijibu jeuri. Nikamwita Mwanachuo aje asaidie. Tukamchambua mtu yule mpaka sufuria ikaungua. Mfidhuli mkubwa, hana mama!

Harufu ya moshi ndiyo iliyonikumbusha yeye ni nani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Pigo.

Mwanangu kamwomba Dereva anwani. Anataka kwenda kumtembelea, ampelekee filamu, amsomee magazeti. Mezani hakuwa na habari nyingine. Dereva kasema hivi, Dereva ana busara vile, Dereva kamshauri asirudi kulala mchana. Nikamkumbusha kwamba shauri hilo mimi nimelitoa mpaka sauti ikakauka. Akatabasamu. Akasema ndiyo mama, lakini wewe unanipenda tu. Yule ananisoma.

Nikampa chumvi. Hakuwa ameomba chumvi.

Nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi. Huyu Dereva ni nani? Alimbeba mgongoni? Alisimama mlangoni kusikiliza pumzi za mtu? Anaishi ndani ya simu yangu, anakula bando langu, na bado ananinyang'anya mtoto! Mzee mzima hana haya.

Na hata hivyo hatembeleki. Kwa hiyo lazima aondoke. Hili ni jambo la usalama. Wivu haumo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimemuua Dereva asubuhi, baada ya kudeki.

Tangazo lilitolewa na mjukuu wake. Nilifikiria ajali, nikaona haya, mtu kaendesha treni salama miaka yote. Nikachagua kifua. Vifo vingine sivijui vizuri, nikachukua kile ninachokijua, cha marehemu mume wangu. Jinsi alivyoomba dirisha lifunguliwe asikie watu wakipita. Jinsi alivyosema ana njaa, nami nikakimbilia uji, na uji ulipofika yeye alikuwa ameshaondoka. Niliandika upesi. Kioo cha simu kililowa, herufi zikagoma. Upuuzi mtupu, kumlilia mtu ambaye hayupo.

Simu ikalia chumbani kwake. Ti.

Halafu kitanda. Mlio ule naujua. Uso ukutani.

Nimempelekea chai. Imerudi imejaa, na utando juu. Kama kwenye filamu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Kaamka! Kaandika!

Kamwandikia Dereva maombolezo, na sijawahi kusoma kitu kama hicho. Kaandika kwamba mzee alikufa kama alivyokufa baba yake, dirisha wazi na uji njiani, na kwamba pengine wazee wote wema hugawana kifo kimoja. Nilisoma nimekaa sakafuni.

Wasomaji wakaja! Wa kweli! Nikapitia majina yote na hakuna hata mmoja niliyemzaa mimi. Kisha saa ya habari, binti wa Mama Habari, baada ya bei za mafuta na mvua, akasoma kipande kizima redioni. Jina la mwanangu likatajwa! Nilifungua madirisha na kuongeza sauti, ingawa kila nyumba ilikuwa na redio yake.

Mama Habari alikuja kutoa pole. Nikaipokea. Kasema kalamu ya mwanangu ina uchungu wa kweli. Kasema kwa kinywa chake mwenyewe, kwenye kochi langu! Nikamwambia ni kazi ya malezi.

Mpango ukipangwa na mtu mwenye akili, unaenda.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Chama cha madereva wa treni wastaafu kimepiga simu redioni. Hawamjui. Wanajuana wote, wanazikana wote, na hakuna mwenzao aliyekufa wiki hii. Redio imeomba radhi kwa wasikilizaji. Binti wa Mama Habari kasimamishwa kazi kwa kusoma kitu ambacho hakukichunguza.

Wasomaji wa kweli wamegeuka. Mzushi. Mla maiti. Anatafuta umaarufu kwa makaburi ya watu. Ukimweka kando ya hawa, Bwana Hapana ni mchungaji! Mwanangu anawajibu mmoja mmoja. Anaapa kwamba alimjua mzee huyo, walizungumza kila siku.

Sikuweza kuvumilia. Nikaingia kama Muuguzi nikasema nilikuwepo, nilimwosha kwa mikono yangu. Wakauliza hospitali gani. Nikazima simu nikaificha kwenye pipa la unga.

Mama Habari kaja mlangoni. Hakunisalimu. Kasema mwanawe hali, halali, na kwamba mwanangu kamchimbia kaburi. Nikafunga mlango polepole.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mwanangu kaingia jikoni, kaweka simu yake mezani, mbele yangu. Ilikuwa wazi pale kwenye maoni ya ile filamu. Kasema habari ya kifo alidhani ni bahati mbaya tu, kufanana. Lakini kwamba alizima sauti hakumwandikia mtu yeyote. Alijua yeye, na aliyekuwa kwenye kochi.

Nikasema mboga zinaungua. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia: “Mama, Dereva alikuwa mtu mwema. Umemuua kwa nini?”

Nikasema alikuwa anakuchukua.

Akaichukua simu yake mezani. Kisha akasema kile kifo kilikuwa cha baba. Kilikuwa chetu sisi watatu, na sasa kila mpita njia kakitemea mate.

Akavaa viatu akaenda mlango wa pili. Nilisikia yote, ukuta ni mwembamba. Kamwambia Mama Habari na binti yake kwamba Dereva kamtunga yeye, peke yake, kuanzia neno la kwanza. Kaahidi kwenda redioni kusema hivyo hivyo. Mama Habari akamwita majina yote mabaya. Akayapokea yote. Langu hakulitaja.

Mwanamume wa kweli! Nani mwenye mtoto kama huyo? Nilitaka kutoka nje nimwambie mtu, nikakosa wa kumwambia.

Akarudi. Akanipita. Kitanda kikalia.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Chai inaingia, chai inatoka. Blogu ipo, haijafungwa, lakini haiandikwi. Mama Habari kahamishia kamba yake ya nguo upande wa pili. Binti yake haonekani dirishani.

Nimesimama tena mlangoni. Anapumua. Nimeona kisogo chake tu, nywele zimejikunja pale nyuma, vilevile kama zilivyokuwa akiwa mtoto.

Nimejiapia. Basi! Nimekoma! Nimemfuta Muuguzi, nimemfuta Mwanachuo, na Bwana Hapana nimemfuta kwa furaha. Nilikuwa naipeleka simu kwa fundi aiuze.

Nikiwa navaa viatu nikakumbuka. Dereva aliacha mke.

Mwanamke wa watu! Tangu msiba utangazwe, hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza hali. Je, ni haki hiyo? Nikavua viatu. Nikakaa. Mjane anaandika kwa mwandiko mwingine kabisa, safari hii hakuna atakayejua. Kaandika: “Kijana, waseme wasemavyo. Wewe ulimpenda mzee wangu nami nimeona. Nyumba imekuwa na kimya kikubwa. Geuka kidogo, usitazame ukuta, chai yako inapoa.”

Ti!

Kimya. Kimya kirefu, nikawa nasikia friji ikiunguruma.

Halafu kitanda kikalia. Kageukia wapi, sikuweza kuona. Nikasikia kama pumzi ya mtu anayecheka, au anayelia, kwa mlango uliofungwa huwezi kutofautisha. Baadaye nikaingia kuchukua kikombe, hakufungua macho. Nikakitazama koridoni, kwenye mwanga.

Nusu! Kanywa nusu!

Nilisema mimi. Huyu mjane ni mwanamke wa maana, anajua kuzungumza na vijana. Nitamwacha aendelee. Ila nitamchunga, asizoeleke mno.

Nimeshampa ugonjwa wa presha.