Ufa wa Chumba cha Pembeni

Jumatatu, 3 Septemba

Sijamwambia mtu, hata Bibi: ufa ulio juu ya dirisha langu nimeuchonga mimi. Kwa bikari ya hisabati! Unatoka kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari, kama Ami Husniddin, fundi wa kujenga nyumba, alivyosimulia akinywa chai. Ufa mwembamba wa lipu tu, alisema, usikunyime usingizi. Wa mshazari kwenye pembe ya dirisha, jua msingi umeanza safari.

Sababu ni kaka yangu Farrukh. Anaoa mwezi ujao, na kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa kiume, kwa mila yetu bi harusi analetwa hapa. Wamekitaka chumba changu. Mimi nihamie kwa Bibi, ambaye anakoroma hadi vikombe vinagongana! Nilishindwa kupinga. Shuleni nafundishwa kwa Kitajiki na Kirusi. Mbele ya wakubwa lugha zote mbili hunikimbia.

Jumanne, 4 Septemba

Hakuna aliyeuona! Mama alifuta vumbi papo hapo, akapita.

Basi nimeongeza dalili. Ndoo nne za maji chini ya ukuta, kwa nje, nyuma ya mzabibu. Chumvi ya udongo wa Bukhara haialikwi mara mbili: ikipata unyevu tu, inapanda tofalini na kuchanua.

Alhamisi, 6 Septemba

Ushindi! Ukuta mweupe hadi magotini. Farrukh akaniuliza mbele ya watu kama siku hizi choo nakiona mbali. Mshenzi! Lakini Mama alipiga ukelele, Ami akaitwa.

Akagonga ukuta. Akaweka aprikoti sakafuni. Ikabingirika yenyewe hadi chini ya dirisha. (Hilo sikulipanga.) Kisha akapaka utepe wa jasi kukatiza ufa, akaandika tarehe. Ukikatika, alisema, ukuta unatembea, asilale mtu humu. Ukibaki mzima, harusi iendelee.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimetoka shule, nimechukua kisu nikaukate utepe. Umeshakatika! Wenyewe! Na ufa umefika darini, kidole changu kinaingia. Mlango haufungiki. Ukuta huo huo ndio wa chumba cha Bibi!

Ningesema. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini ufa wa kweli wangeuchunguza hadi msingi, wangeona matope nyuma ya mzabibu. Nikakanda unga wa ngano na dawa ya meno, nikauziba ufa, nikabandika utepe mpya, nikaiga mwandiko wa Ami. Nimetulia. Sijatulia. Nimekwenda kuutazama mara kumi na moja.

Jumapili, 9 Septemba

Ami kauona utepe mzima, kampiga Farrukh begani: bwana harusi, leta magodoro! Shangazi wa bi harusi wakaanza kusukuma sanduku la nguo zake hadi ukutani. Lipu ikadondoka. Mimi nimeshika birika, nimekuwa birika. Watalala humo wawili, na ukuta uwaangukie?

Nikaropoka kwamba utepe unanuka. Ndilo pekee lililotoka! Ami akaugusa, akaramba kidole. Akasema hii si jasi, huu ni mkate. Kila mtu akamgeukia Farrukh: hamu ya ndoa ndiyo imekufanya ukande ukuta, kijana? Akaapa kwa kila kitu. Wakacheka hadi machozi. Shangazi mmoja akanisifu: binti mpole huyu, pua yake imetuokoa.

Nilimimina chai.

Jumatano, 12 Septemba

Msaragambo! Mtaa mzima umekuja na majembe kuchimba na kuushika upya msingi. Mama anawapikia pilau. Wamekuta udongo umelowa na kulaumu bomba la jirani, ambaye sasa hasalimiwi. Nilimpelekea sahani ya pilau. Alinishukuru sana, ikaniuma sana.

Chumba changu kimefungwa hadi majira ya kuchipua, ukuta ukauke; upande wa Bibi umesalimika. Kwa hiyo bi harusi anapewa cha Bibi, na Bibi na mimi tunahamia ghala la vitunguu.

Haikubaliki! Ila leo Ami, mdomo umejaa nyama, kasema nyumba haifi kwa msingi tu: ukiona unga wa mbao chini ya boriti, mchwa wameshakula dari, hama. Fundi seremala kanipa mfuko mzima wa unga wa mbao, hakuuliza kitu. Nitaunyunyiza chumbani kwa Bibi kabla ya bi harusi kuja, kidogo kidogo, chini ya boriti ya kati, halafu

Viatu ukumbini. Kikohozi cha Ami! Daftari chini ya godoro, haraka